Asiyekuwapo na Lake Halipo: Ukweli wa Filamu za Makala na Vipindi vya Uhalisia kwa Mtazamo wa Jinja, Uganda

Ikisiri

Makala haya yanachunguza kiwango cha ukweli katika filamu za makala na vipindi vya uhalisia vya televisheni kwa kurejelea mifano inayoihusu Uganda. Swali linaloulizwa mara nyingi ni iwapo mambo yanayoonekana kwenye kioo yalitokea kweli. Makala yanadai kwamba swali hilo ni la lazima lakini halitoshi, kwa sababu filamu inaweza kujengwa kwa picha za kweli tupu na bado ikapotosha. Mifano mitatu inajadiliwa: filamu ya Barbet Schroeder kuhusu Idi Amin (1974), filamu fupi ya *Kony 2012* (2012), na mfululizo wa *Savior Complex* (2023) kuhusu kituo cha watoto wenye utapiamlo kilichokuwa Masese, Jinja. Inaonyeshwa kuwa kigezo kikuu cha ukweli wa filamu ya makala ni nafasi waliyo nayo wanaosimuliwa ya kuiona na kuijibu simulizi inayowahusu, na kwamba hadi sasa nafasi hiyo imegawanywa kwa kufuata nguvu badala ya haki. Mwishoni yanatolewa mapendekezo kwa watunga sera na kwa watafiti wanaotumia filamu kama ushahidi.

Istilahi za msingi: filamu ya makala, kipindi cha uhalisia, uhariri, ridhaa, haki ya kujibu

1.0 Utangulizi

Kimaka ni kitongoji cha jiji la Jinja, mashariki mwa Uganda. Hapo ndipo ulipo uwanja mdogo wa ndege wa Jinja pamoja na Chuo cha Juu cha Ukamanda na Unadhimu cha jeshi la Uganda. Kiswahili kimekuwa na makao Jinja kwa muda mrefu kutokana na jeshi: kikosi cha nne cha King's African Rifles kilikuwa na kambi yake katika mji huo, na Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya amri. Miongoni mwa askari waliopitia kambi hiyo alikuwa Idi Amin, ambaye baadaye, mwaka 1973, akiwa rais, alitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa. Katika jiji hilohilo, ufukoni mwa Ziwa Victoria, ipo Masese, mtaa wa watu wa kipato cha chini uliokuja kujulikana Marekani kupitia mfululizo wa televisheni.

Mtu aliyekaa Kimaka, kwa hiyo, yuko karibu na watu na mahali ambapo ulimwengu umevijua kupitia kamera za wageni. Hali hii inampa mtafiti nafasi nzuri ya kuuliza swali la makala haya: je, filamu za makala na vipindi vya uhalisia vina ukweli kiasi gani, na ukweli huo hupimwaje?

Swali hili si la wapenzi wa sinema peke yao. Filamu hutumika kuchangisha fedha, kushawishi mabunge na kupanga miradi ya misaada. Mshauri wa sera aliyeko Kampala, Nairobi au Brussels huenda asifike kijijini kunakozungumziwa, lakini huonyeshwa filamu ya dakika 30 katika semina, kisha akaandika taarifa. Pale filamu inapopotosha, gharama huwaangukia watu ambao hawakuwamo kwenye semina ile.

2.0 Istilahi na msingi wa nadharia

Kiswahili kina majina kadhaa ya aina hii ya filamu. Wako wanaosema *filamu ya hali halisi*, na wako wanaosema *filamu ya makala*. Majina haya mawili hayalingani kinadharia. Jina la kwanza linatoa ahadi kabla ya kazi kuonekana: kwamba kilichomo ni hali yenyewe kama ilivyo. Jina la pili lina tahadhari zaidi. Neno *makala* limetokana na Kiarabu, kutoka katika mzizi unaohusu kusema. Makala ni jambo lililosemwa, na jambo lililosemwa lina msemaji. Makala haya yanatumia jina la pili kwa sababu linamkumbusha mtazamaji kuuliza ni nani anayesema. Kwa upande wa televisheni, *kipindi cha uhalisia* kinatumika kwa maana ya kipindi kinachowaweka watu wasio waigizaji katika mazingira yaliyopangwa na kuonyesha mwenendo wao kama burudani.

Hoja kwamba filamu ya makala ni kazi ya kuundwa si ngeni. John Grierson, aliyelitumia jina la Kiingereza la aina hii ya filamu mwaka 1926 alipoandika kuhusu *Moana* ya Robert Flaherty, baadaye aliieleza kuwa ni ushughulikiaji wa kibunifu wa mambo halisi. Filamu ya awali ya Flaherty, *Nanook of the North* (1922), inaonyesha uzito wa neno *kibunifu* katika maelezo hayo. Mhusika mkuu hakuitwa Nanook. Jina lake lilikuwa Allakariallak. Nyumba ya barafu ilijengwa ikiwa wazi upande mmoja ili mwanga uingie. Wawindaji waliokwisha kuzoea bunduki waliombwa watumie chusa kama babu zao. Walioonekana ni Wainuiti wa kweli, na baridi ilikuwa ya kweli, ila zama zilizoonyeshwa zilikuwa zimekwisha kupita.

Mkondo wa pili wa kinadharia unahusu uhusiano kati ya mpiga picha na mpigwa picha. Jean Rouch na Edgar Morin, katika *Chronique d'un été* (1961), waliwaonyesha washiriki picha zao wenyewe kisha wakaurekodi mjadala wao. Washiriki hawakukubaliana: wengine waliona wenzao wamejianika mno, wengine wakaona wameigiza. Mjadala huo ukawa sehemu ya filamu. Hata hivyo, Rouch huyohuyo, ambaye alifanya kazi nyingi Afrika Magharibi, alishutumiwa ana kwa ana na Ousmane Sembène mwaka 1965 kwa kuwatazama Waafrika kama mtu anayetazama wadudu. Shutuma hiyo haikudai kwamba picha za Rouch zilikuwa za uongo. Ililenga nafasi aliyosimama mtazamaji, na hiyo ndiyo nafasi ambayo makala haya yanaifuatilia.

3.0 Jinsi ukweli unavyoundwa: mfano wa Big Brother Africa

Vipindi vya uhalisia vinafaa kutangulia uchambuzi kwa sababu mbinu zake ziko wazi zaidi. Mwaka 2003, *Big Brother Africa* ilikusanya washiriki kutoka nchi 12 katika nyumba moja nchini Afrika Kusini kwa siku 106. Mshindi alikuwa Cherise Makubale wa Zambia, na Gaetano Kagwa wa Uganda akawa mmoja wa washiriki waliojadiliwa mno. Kipindi kilizua ubishi mkubwa. Bunge la Malawi lilipitisha uamuzi wa kukisimamisha kwenye televisheni ya taifa, na Rais Sam Nujoma wa Namibia alitaka televisheni ya taifa lake iache kukionyesha. Ubishi huo ulihusu maadili. Ukweli wa kipindi haukuhojiwa sana. Waliokipinga na waliokipenda walikubaliana kimyakimya kwamba walichokiona ndicho kilichotokea.

Hesabu ndogo inatosha kuitikisa imani hiyo. Siku moja ina saa 24. Kipindi cha muhtasari cha nusu saa kwa siku huonyesha sehemu moja ya 48 ya kilichonaswa na kamera moja tu, na nyumba kama ile haina kamera moja. Mtu aliyekaa kimya saa 20 na kugomba kwa dakika 10 anaweza kuwa, kwa mtazamaji wa muhtasari, mgomvi. Hakuna lililobuniwa, kila neno alilitamka. Uzushi, kama tunaweza kuutumia msamiati huo, umo katika uwiano.

Mbinu zinazotumika katika vipindi hivi na katika filamu za makala ni za namna nne. Ya kwanza ni *uteuzi*: nani aingie nyumbani au mbele ya kamera, na picha ipi ibaki. Ya pili ni *mpangilio*: uso uliokunjwa asubuhi unaweza kuunganishwa na maneno yaliyosemwa jioni, na mtazamaji akaamini kuwa uso huo uliyajibu maneno hayo. Ya tatu ni *uchochezi*: mtayarishaji huweka shindano, uhaba au swali la kuchokoza ili jambo litokee, kisha hulirekodi kama jambo lililojitokea. Ya nne ni *sauti na tafsiri*: muziki humwambia mtazamaji ahisi nini, na maandishi ya tafsiri chini ya picha humwambia mhusika alisema nini. Katika eneo letu mbinu hii ya nne ina uzito wa pekee, kwa kuwa wanaorekodiwa mara nyingi huzungumza lugha ambayo mhariri haijui. Mwanamke wa Busoga anayeeleza jambo kwa Lusoga kwa dakika tatu anaweza kuonekana akisema sentensi moja ya Kiingereza. Yeye mwenyewe hawezi kuikagua sentensi hiyo.

Mshiriki wa kipindi cha uhalisia ana kinga tatu hata hivyo. Ametia saini mkataba akijua ni shindano, watazamaji wanajua kuna zawadi, na akitoka ana redio na magazeti ya kujieleza. Esther Nabaasa, Mganda aliyeshinda *Tusker Project Fame* mwaka 2008, alitoka shindanoni akiwa na jina na jukwaa. Mhusika wa filamu ya makala kwa kawaida hana kinga hata moja kati ya hizi. Aina inayoaminiwa zaidi, basi, ndiyo yenye kinga chache zaidi kwa wanaosimuliwa.

4.0 Mifano mitatu

*4.1 Amin mbele ya kamera, 1974*

Filamu ya Barbet Schroeder, *Général Idi Amin Dada: Autoportrait*, ilipigwa wakati wa utawala wa Amin na kwa ushirikiano wake. Ndiyo maana inaitwa picha ya kujichora. Amin alipanga mambo mengi mwenyewe: zoezi la kijeshi la kuigiza utekaji wa Milima ya Golan, safari ya mashua mtoni kuwatazama wanyama, shindano la kuogelea ambalo alilishinda, na kikao cha baraza la mawaziri mbele ya kamera. Katika kikao hicho alimkaripia waziri wake wa mambo ya nje. Muda mfupi baadaye, waziri huyo, Michael Ondoga, aliuawa na mwili wake ukapatikana katika Mto Nile.

Filamu hii inachanganya mipaka tuliyoizoea. Zoezi la Golan ni maigizo matupu, lakini ni ushahidi wa kweli wa jinsi Amin alivyotaka kuonekana. Kikao cha mawaziri kilipangwa kwa ajili ya kamera, lakini hofu iliyo kwenye nyuso za mawaziri haikuhitaji mwongozaji. Jambo lililopangwa linaweza kufichua ukweli ambao aliyelipanga hakuukusudia.

Kwa mada yetu, kilichotokea baada ya filamu kukamilika kina uzito zaidi. Schroeder alitayarisha toleo fupi la takriban saa moja kwa ajili ya Uganda, na toleo refu zaidi kwa ajili ya Ulaya. La kwanza lilimridhisha Amin. Alipopata habari za yaliyomo katika la pili kutoka kwa watu wake walioitazama filamu London, alidai sehemu fulani ziondolewe. Schroeder alipokataa, Amin aliwakusanya raia wa Ufaransa waliokuwa Uganda katika hoteli moja iliyozingirwa na askari. Schroeder akakata takriban dakika mbili na nusu, akazirejesha baada ya Amin kuondolewa madarakani mwaka 1979. Mhusika, basi, aliijibu filamu, na jibu lake likaingia chumba cha uhariri kwa mtutu wa bunduki.

Wengine waliokuwa ndani ya filamu hiyo hawakuwa na njia yoyote ya kujibu. Jambo hili linaonekana pia katika hazina nyingine ya zama hizo. Katika ghala la shirika la utangazaji la Uganda, UBC, zilipatikana negativu takriban 70,000 za wapiga picha wa serikali, na baadhi zilionyeshwa katika Makumbusho ya Uganda mwaka 2019. Hizo ni picha za sherehe, mikutano, ziara na mashtaka ya hadharani. Kila moja ni ya kweli. Vyumba vya mateso havimo, kwa sababu mpiga picha wa serikali hakutumwa huko. Wahenga walisema: asiyekuwapo na lake halipo. Katika kumbukumbu ya picha, methali hii si onyo kwa mtoro wa kikao. Ni maelezo ya jinsi historia inavyopungua.

*4.2 Kony 2012 na uwanja wa Lira*

Tarehe 5 Machi 2012, shirika la Kimarekani la Invisible Children lilitoa kwenye intaneti filamu ya takriban dakika 30 iliyotaka Joseph Kony, kiongozi wa kundi la waasi la LRA, akamatwe mwaka huo. Katika siku sita filamu hiyo ilitazamwa zaidi ya mara milioni 100. Mambo yake ya msingi hayakuwa ya uongo. Kony aliwateka watoto na kuwafanya askari. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilikuwa imetoa hati ya kumkamata mwaka 2005. Vijana walionyeshwa wakilala mijini kwa kuhofia kutekwa walikuwa wamelala hivyo kweli.

Kasoro kubwa ilikuwa ya wakati. LRA ilikuwa imeondoka Uganda kufikia mwaka 2006, na wakimbizi wengi wa ndani walikuwa wamekwisha kurudi makwao. Filamu ilitaja kuwa waasi walikwisha kuhamia nchi nyingine, lakini kwa ufupi sana, kisha ikaendelea kwa picha za miaka ya nyuma. Mtazamaji aliye mbali angeweza kumaliza kuitazama akiamini kwamba Gulu ilikuwa vitani usiku ule. Hapa tunauona uongo unaojengwa kwa mpangilio: picha ya kweli, tarehe iliyofifishwa, hitimisho lililopotoka. Waziri Mkuu wa wakati huo, Amama Mbabazi, alilazimika kutoa video kueleza kuwa Uganda haikuwa vitani. Mwanahabari Rosebell Kagumire naye alitoa video kupinga namna filamu ilivyowafanya Waafrika wasioweza lolote bila mwokozi kutoka nje.

Jibu lililo muhimu zaidi kwa makala haya lilitoka Lira. Tarehe 13 Machi, asasi ya AYINET, inayofanya kazi na waathirika wa vita, iliwaonyesha watu wa huko filamu hiyo hadharani. Umati ulikuwa mkubwa. Watu walikuja wakitarajia kuona masaibu yao. Wakakuta simulizi inayomhusu Mmarekani na mwanawe mdogo, pamoja na kampeni ya kulifanya jina la Kony lijulikane kwa mabango na fulana. Waliokatwa viungo na waliofiwa na watoto waliona jina la mtesi wao likichapwa kwenye nguo. Hasira ilipanda, mawe yakarushwa, na onyesho likakatishwa.

Ni rahisi kuyachukulia mawe yale kuwa fujo. Kwa mtazamo wa kitaaluma, lile lilikuwa pitio la kwanza la filamu hiyo kufanywa hadharani na wahusika wenyewe, wiki moja baada ya watu milioni 100 kukwisha kuikubali au kuikataa bila wao. Kama onyesho la Lira lingefanyika wiki moja *kabla* ya kutolewa kwa filamu, makosa yale yangetambuliwa katika jioni moja, na kwa gharama ya turubai, jenereta na mfasiri.

*4.3 Masese: pale filamu inapokuwa mahakama*

Mfano wa tatu umetokea Jinja. Mwaka 2009, Mmarekani kijana asiye na mafunzo ya udaktari alianzisha shirika la Serving His Children, lililowahudumia watoto wenye utapiamlo mkali katika kituo kilichokuwa Masese. Mwaka 2015 maofisa wa afya wa wilaya waliamuru kituo hicho kifungwe. Mwaka 2019 akina mama wawili, wakisaidiwa na asasi ya Women's Probono Initiative, walifungua kesi katika Mahakama Kuu, Jinja. Mwaka huohuo redio ya umma ya Marekani, NPR, iliripoti kuwa kati ya watoto 940 waliopokewa katika miaka ya 2010 hadi 2015, watoto 105 walifariki. Mwanzilishi alikana kujifanya daktari. Mwaka 2020 pande zote zilipatana nje ya mahakama: kila mama alipewa takriban shilingi milioni 35 za Uganda, na upande wa washtakiwa haukukiri kosa. Septemba 2023 HBO ilitoa *Savior Complex*, mfululizo wa sehemu tatu ulioongozwa na Jackie Jesko.

Kabla ya mfululizo huo, simulizi ya kituo ilikuwa imekwisha kusimuliwa mara nyingi. Shirika lenyewe liliandika na kuchapisha picha kwa ajili ya wafadhili. Wanaharakati wa No White Saviors walizichukua picha zilezile na kuzitumia kama vielelezo vya mashtaka. Picha ya mtoto dhaifu mikononi mwa mgeni ilikuwa, kwa upande mmoja, uthibitisho wa upendo, na kwa upande mwingine, uthibitisho wa tiba isiyo na leseni. Picha haikubadilika, aliyebadilika ni msemaji.

Mfululizo ulifanya jambo la haki kwa kuwasikiliza mwanzilishi na wapinzani wake, na ulihoji hata mienendo ya wanaharakati. Hata hivyo, umbo la mfululizo wa televisheni lina madai yake. Linahitaji wahusika wawili wanaokabiliana, mashaka mwishoni mwa kila sehemu, na swali linalobaki kwenye kinywa cha mtazamaji. Swali hilo, katika umbo hili, huelekea kuwa: je, mwanzilishi ni mtu mwema au mbaya? Mama wa Masese ana swali tofauti: mwanangu alipewa nini, na nani, saa ngapi, na kwa nini? Swali la kwanza linajaza sehemu tatu za televisheni. La pili linahitaji daftari la kituo, shahidi aliyeapishwa na hakimu.

Hapo ndipo uzito wa mfano huu ulipo. Kwa kuwa kesi ilimalizwa kwa mapatano, mahakama haikuchambua ushahidi na kutamka kilichotokea. Filamu ilibaki kuwa maelezo kamili zaidi yaliyofika hadharani. Lakini filamu haina utaratibu wa mahakama: hailazimiki kuonyesha ushahidi wote, haimruhusu mhusika kumhoji shahidi wa upande wa pili, na haina rufani. Tena mfululizo huu ulitolewa na kituo cha televisheni ya kulipia cha Marekani. Ukweli kuhusu watoto wa Masese ukawa bidhaa ya mwenye king'amuzi.

5.0 Mjadala: nguvu na haki ya kujibu

Mifano hii mitatu ikiwekwa pamoja, tofauti moja inajitokeza. Amin aliijibu filamu kwa mateka na akakatiwa dakika alizozitaka. Watu wa Lira walijibu kwa mawe baada ya filamu kuzunguka dunia. Mama wa Masese hawakuwa na mgogoro na filamu bali na kituo, wakajibu kwa kesi iliyokoma kabla ya hukumu. Simulizi ikachukuliwa na wengine. Katika kila hali, uwezo wa kuisahihisha picha ulitegemea nguvu ya anayejibu. Mwenye jeshi alisikilizwa zaidi kuliko mwenye haki.

Kutokana na hayo, ukweli wa filamu ya makala unapaswa kupimwa kwa ngazi mbili. Ngazi ya kwanza ni *usahihi*: je, yaliyoonyeshwa yalitokea, mahali hapo, wakati huo? Ngazi ya pili ni *uwajibikaji*: je, walioonyeshwa waliiona kazi, kwa lugha wanayoielewa, wakiwa na nafasi ya kupinga na pingamizi lao kuhifadhiwa? *Kony 2012* ilijikwaa katika ngazi zote mbili. Filamu ya Schroeder ina usahihi mwingi, lakini uwajibikaji wake ulikuwa kwa mtu mmoja tu, naye ndiye aliyeuhitaji kidogo kuliko wote.

Pingamizi moja linastahili kujibiwa. Huenda ikasemwa kwamba kuwapa wanaosimuliwa haki ya kujibu kutawapa wakubwa wenye makosa njia ya kuzuia ukweli. Kisa cha Amin kinathibitisha hatari hiyo, na ndiyo sababu ni lazima kutenganisha *haki ya kujibu* na *mamlaka ya kuzuia*. Anayejibu huongeza, anayezuia hupunguza. Haki ya kujibu haimpi mtu mkasi wa mhariri. Inampa dakika zake, jina lake likiandikwa ipasavyo, na maneno yake yakitafsiriwa na mtu anayemwamini. Vivyo hivyo, vibali vya serikali haviwezi kuchukua nafasi ya haki hii. Uganda imerithi kutoka enzi ya ukoloni sheria ya michezo ya jukwaani na burudani za umma. Sheria ya namna hiyo humlinda mtawala dhidi ya filamu kabla ya kumlinda mama wa Masese.

6.0 Mapendekezo

Kwanza, ridhaa iwe ya hatua mbili. Ridhaa ya kurekodiwa itolewe kwa lugha ya mhusika, na ridhaa ya kutumiwa itolewe baada ya mhusika kuona sehemu inayomhusu. Kwa watoto na wagonjwa, hatua ya pili isiwe ya hiari kwa mtayarishaji. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inatoa msingi, kwa kuwa inaihesabu ridhaa kuwa nguzo ya matumizi ya taarifa za mtu. Kinachokosekana ni mwongozo mahususi kwa filamu.

Pili, onyesho la nyumbani lifanyike kabla ya onyesho la ng'ambo. Miundombinu ipo. Miji ya Uganda ina vibanda vya video, na humo wamo wafasiri wa papo kwa papo wanaoitwa VJ, ambao kwa miaka mingi wamewasimulia watazamaji filamu za kigeni kwa Kiganda. VJ huongeza chumvi, na hilo halifichiki kwa mtazamaji. Lakini ustadi wake wa kuipitisha filamu katika lugha ya watu unaweza kutumika, pamoja na mfasiri makini, kuwafikishia wahusika simulizi yao.

Tatu, wakati na maigizo viandikwe wazi. Picha ya mwaka 2003 inayotumika katika hoja ya mwaka 2012 ibebe tarehe yake kwenye kioo muda wote inapoonekana. Tukio lililoigizwa upya litajwe hivyo palepale, si katika orodha ya majina mwishoni.

Nne, picha ghafi zihifadhiwe. Nakala ya mahojiano kamili iwekwe katika maktaba ya chuo kikuu au hifadhi ya nyaraka ya nchi iliyorekodiwa, kwa masharti ya faragha yaliyokubaliwa. Negativu za UBC zimeonyesha kwamba kumbukumbu iliyosahaulika miaka 40 inaweza bado kuhojiwa, mradi ipo.

Tano, washauri wa sera wasiitumie filamu kama ushahidi kabla ya kujibu maswali manne: ilirekodiwa lini, nani alitafsiri, nani aliigharimia, na wahusika waliiona lini. Filamu isiyo na majibu hayo isomwe kama hoja ya upande mmoja.

Sita, elimu ya kusoma picha ifundishwe kwa Kiswahili. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Mitaala inayoandaliwa ingefaa kuwa na zoezi la uhariri: wanafunzi wapewe mahojiano yaleyale na watengeneze simulizi mbili zinazopingana. Mtoto aliyewahi kufanya hivyo hatahitaji kuonywa kuhusu televisheni.

7.0 Hitimisho

Filamu za makala na vipindi vya uhalisia vina ukweli, lakini ukweli huo haumo ndani ya picha kama maji ndani ya mtungi. Unaundwa na uteuzi, mpangilio, uchochezi na tafsiri, na unathibitishwa au kukanushwa na watu ambao kazi inawahusu. Mtazamaji anaweza kuupima usahihi kwa tarehe na ramani. Uwajibikaji hauwezi kupimwa bila kumuuliza aliyerekodiwa.

Kutoka Kimaka hadi Masese si mwendo mrefu. Mtafiti anayetaka kujua kama simulizi ya televisheni kuhusu kituo kile ni ya kweli anaweza kuanza kwa kuwauliza akina mama wa mtaa huo kama wameiona, na kama wameiona, nini kimeachwa. Majibu yao ni sehemu ya kazi hiyo ambayo bado haijarekodiwa.